Je, Telesphory Anasikia?

Mwaka ule Warundi walipovuka kwa wingi, redio yetu ya Ujiji ilianzisha kipindi cha kutafutana. Kila siku saa kumi jioni, mtu aliyepotezana na ndugu yake alikuja, akakaa mbele ya maikrofoni, akataja jina lake, mahali alipo na anayemtafuta. Kilikuwa kipindi cha huzuni mpaka alipokuja Bibi Skolastika.

Bibi Skolastika alikuwa akimtafuta mumewe, Telesphory. Walifika pamoja Kagunga, kule ufukweni mpakani kabisa, wakiwa katikati ya maelfu ya wenzao. Meli ilipokuja kuwachukua, wagonjwa walitangulizwa, na mguu wa Bibi ulikuwa umevimba kama mhogo. Telesphory akaambiwa atakuja zamu ya baadaye. Zamu ya baadaye ilikuja, na nyingine baada yake, Telesphory hakushuka. Bibi akapata pa kulala kwa jamaa wa kanisani Buzebazeba, na kila saa kumi alikuwa kwetu na fimbo yake.

Siku ya kwanza alisema kwa upole, "Telesphory, mume wangu, niko Kigoma, mzima. Njoo."

Siku chache baadaye alisema, "Telesphory, redio unayo. Uliibeba wewe, sufuria ukaniachia mimi. Kwa hiyo unanisikia. Mbona hujibu?"

Wiki iliyofuata upole ulikuwa umekwisha. "Telesphory, kama huko Kagunga kuna mwanamke anayekupikia migebuka, mwambie unakoroma. Na mwambie suruali hizo si zako zote, moja ni ya kaka yangu."

Mji ukahamia kwenye kipindi hicho. Mafundi cherehani wa Katubuka walisimamisha mashine ikifika saa kumi. Vijana wa Ujiji wakaacha kusalimiana "mambo", wakawa wanaulizana, "Telesphory, unasikia?" na mwenzake anajibu, "Nakoroma!"

Mimi nilikaa nyuma ya kioo, mahali pa fundi mitambo. Nilicheka na wenzangu, lakini sikuweza kucheka mpaka mwisho, kwa sababu niliona kitu ambacho wasikilizaji hawakukiona. Nikishazima maikrofoni, Bibi hakuvua vile visikilizio vya masikioni. Aliendelea kukaa navyo, kichwa amekiinamisha, kama vile jibu lingerudi kwa waya uleule. Nilitamani kumwambia neno. Lakini mimi ni mtu wa kuongea na vifaa. Mbele ya watu ulimi hunikauka.

Jumatatu moja alikuja na habari. Ijumaa basi lingemchukua yeye na wenzake kuwapeleka kambini, na huko kila mtu angeandikwa na familia yake.

"Karani ameniuliza, 'Bibi, una mume?'" alituambia. "Nikamwambia nitakujibu Ijumaa. Kama Telesphory hasikii, nitasema ninaye, na basi lao sipandi, nitamsubiri hapahapa. Kama anasikia na amenyamaza, nitaandikwa mjane."

Zubery, mtangazaji wetu, kijana anayependa sauti yake kuliko chakula, akacheka. "Bibi, mjane ni wa mume aliyekufa."

"Basi atakufa Ijumaa."

Kisha akageuka kwenye kioo, akanyoosha fimbo moja kwa moja kwangu. "Wewe Ashura, mtoto wa mitambo. Anasikia au hasikii?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Hamdani, mkuu wetu wa kituo, alijibu mlangoni. "Anasikia! Kagunga tunafika vizuri. Nimempigia simu mwenyewe mwenyekiti wao, Elikana. Nikamuuliza, 'Mnatupata?' Akasema, 'Tunawapata safi sana, Mzee.'"

Bibi alitikisa kichwa taratibu. Nikaona tayari ameanza kumzika mtu.

"Mzee," nilisema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga, "naomba nikapime."

"Upime nini tena? Watu wamesema."

"Ndiyo maana nataka kupima."

Sijui nilitoa wapi jibu lile. Hata Zubery aliinua nyusi.

Nilikuwa na kidude nilichotoka nacho chuoni Mbeya, kidogo kama flashi, cha kuchomeka kwenye kompyuta. Ni redio, ila kazi inayofanywa na koili na vyuma ndani ya redio ya kawaida, kwake inafanywa na programu ya kompyuta. Ukikifunga waya, kwenye kioo cha kompyuta unaona kila kituo kimesimama kama kichuguu, na pembeni namba ya nguvu yake. Tatizo ni kwamba namba hizo peke yake hazina maana. Ni sawa na kumpima mtoto urefu kwa fimbo usiyojua urefu wake. Lazima kwanza uilinganishe na kitu unachokijua.

Nilichotaka kukijua kilikuwa kimoja tu: mawimbi yakiwa dhaifu kiasi gani, redio kama ya Telesphory inashindwa kutoa maneno? Bibi aliieleza redio hiyo vizuri mno, mpaka ufa wake. Nikaazima ya aina ileile, na Jumanne asubuhi nikamkalisha Bibi uani kwetu. Nilikuwa na vipunguzi, vipande vidogo vya chuma unavyovifunga kwenye waya, kila kimoja kinakula nguvu ya mawimbi kwa kiasi kilichoandikwa ubavuni mwake.

Nikafunga cha kwanza. "Bibi, unasikia?"

"Nasikia, mwanangu."

Nikaongeza kingine. "Na sasa?"

"Nasikia vizuri sana."

Nikafunga vyote nilivyokuwa navyo. Redio ikawa inakaanga dagaa tu, shwaaa. "Na sasa?"

"Nasikia, Mungu akubariki."

"Zubery amesema nini?"

Bibi akaitazama redio, akanitazama mimi. "Amesema mambo mazuri."

"Bibi, husikii."

"Sisikii. Lakini tangu asubuhi unahangaika na nyaya kwa ajili yangu, halafu nikuambie sisikii? Nimelelewa, mimi."

Tukaanza upya. Safari hii sikumuuliza kama anasikia; nilimwambia arudie kila neno la Zubery. Alirudia, tena kwa madaha yote ya Zubery, mpaka tukafika kwenye kipunguzi ambapo alikosa neno moja, mawili, kisha sentensi nzima. Hapo nikahamishia waya kwenye kidude, nikasoma namba, nikachora mstari mwekundu kwenye kioo cha kompyuta. Juu ya mstari, Bibi anarudia neno kwa neno. Chini ya mstari, anaanza adabu.

Mchana nikapanda boti pale Kibirizi. Bibi alinisindikiza mpaka majini. "Ukimkuta anakula, mwache kwanza amalize," alisema.

Nilifika Kagunga jioni, na kesho yake asubuhi Mwenyekiti Elikana akanipokea ufukweni kama mgeni wa serikali. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, kofia imeegemea sikio moja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, marahaba! Redio yetu hiyo imekuja yenyewe! Tunawapata safi, binti. Safi!"

Nikakumbuka somo la uani. "Mnapenda kipindi gani, Mzee?"

"Cha mpira! Yule bwana anavyopasuka goli likiingia, mpaka kuku wanaruka."

Hatujawahi kuwa na kipindi cha mpira. Nilimshukuru, nikatandika kanga juu ya mawe, nikafungua kompyuta, nikafunga waya uleule wa uani kwenye jiti. Kichuguu chetu kilisimama kirefu, kikavuka mstari mwekundu kwa mbali sana. Mwenyekiti aliinama, akaona, akapiga makofi.

"Si nilisema?"

Basi Telesphory alisikia kila kitu, matusi na upole, akanyamaza. Nilianza kuwaza nitamwambiaje Bibi, nikaona heri nikae Kagunga nioe mvuvi, au niolewe naye, vyovyote vile. Halafu nikaangalia tena kile kichuguu. Kilikuwa kirefu sawasawa na cha Ujiji, pale chini ya mnara wetu. Kinawezaje?

Nikatafuta kona ya juu ya kioo, nikaona. Programu ilipozimwa na kuwashwa, ilikuwa imejirudisha kwenye hali ya kujirekebisha. Katika hali hiyo, mawimbi yakija dhaifu kidude kinayakuza, yakija makubwa kinayapunguza, ili namba ipendeze wakati wote. Ni kama watu wa kwetu: mkute mtu ana homa, mkute bati limeondoka na upepo, ukimuuliza habari anajibu nzuri. Nikaizima hali hiyo, nikaweka kipimo palepale nilipokiweka uani. Kichuguu kikanywea kama puto lililotobolewa.

"Umeharibu!" Mwenyekiti alishtuka.

"Hapana, Mzee. Sasa ndiyo inasema kweli."

Namba ilikuwa chini ya mstari, lakini haikutulia. Milima ya pale inashuka mpaka majini, na mawimbi yetu yalifika Kagunga yamejikwaa njiani, mengine kwa kugonga mlima, mengine kwa kuteleza juu ya ziwa. Mara namba ilipanda ikauvuka mstari kwa pumzi moja, mara ikazama. Niliitazama muda mrefu. Kwa hiyo swali la Bibi lilikuwa na jibu ambalo hakuna aliyelifikiria. Mtu wa hapa hakusikia, wala hakukosa kusikia. Alidonolewa maneno.

Watoto na kina mama walikuwa wameshanizunguka. Katikati yao akapenya mzee mwembamba, redio ndogo imefungwa kiunoni kwa mpira wa baiskeli.

"Binti, chombo hicho kinashika Ujiji?"

"Kinashika, Mzee, lakini kwa shida."

"Hata changu. Kinanipa mke wangu vipandevipande."

Nilitazama redio ile. Ufa ulikuwa palepale Bibi alipoueleza. Nikamgeukia Mwenyekiti, nikimwonyesha mzee huyo.

"Huyu?" alisema Mwenyekiti. "Huyu Mzee Nduwayo. Homa ilimwangusha hapa ufukweni meli zikiwa bado zinakuja, nikamchukua. Anakaa kwangu."

"Mzee Elikana! Si tulikupigia simu pia kuuliza kama yupo Telesphory?"

"Nikasema hayupo. Nani Telesphory?"

"Mimi," alisema yule mzee. "Ila jina hilo ni kwa mke wangu na kwa padri tu. Wengine sijawapa."

Mwenyekiti alivua kofia, akaipiga pajani. "Yaani huyo mnayemtafuta ninalala naye nyumba moja, na huwa ananiomba chumvi!"

Nilijilazimisha kumtazama Mzee Telesphory usoni. "Baba, Bibi Skolastika anakungoja. Kwa nini hukuja?"

"Amenikataza."

"Amekukataza?"

Akakaa juu ya jiwe, akaanza kunieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. "Siku ya kwanza nilipata 'Telesphory, mume wangu', kisha shwaaa. Nikafurahi, yuko hai. Siku nyingine nikapata 'suruali'. Nikaikagua suruali yangu, sikuona kitu. Homa ilipoisha nikaomba nafasi kwenye boti, nikapewa, nikafunga mzigo. Jioni hiyo redio ikatulia, nikamsikia wazi kama amesimama hapa: 'Usije!' Kisha shwaaa. Nikafungua mzigo."

Nilikuwa nyuma ya kioo siku ile. Nilijua sentensi nzima. "Baba, alisema hivi: kama umepata mwanamke mwingine, usije, kama hujapata, njoo hata kwa kutambaa."

Alinitazama kwa huruma. "Binti, una moyo mzuri. Unanitengenezea maneno."

"Kweli kabisa!"

"Nimeishi na Skolastika tangu nina meno yote. Akisema usije, hatanii. Na mimi nilimwachia sufuria abebe na mguu ule. Ana haki."

Nikaapa, nikaapa tena. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Mwenyekiti alijaribu kunisaidia, lakini yeye ndiye aliyesifia kipindi cha mpira, hakuwa shahidi wa kuaminika. Simu ya Mwenyekiti ilikuwa imeisha chaji, na yangu ilikuwa imeshika mtandao wa ng'ambo, haikunipa Ujiji hata nilipoipandisha juu ya paa la mwenyekiti. Kesho alfajiri boti ingerudi. Kesho kutwa ilikuwa Ijumaa. Mtu huyu asingeamini ila masikio yake mwenyewe, na kwa masikio yake nilihitaji namba ivuke mstari na ikae hapo muda wote Bibi akiongea.

Kutwa nzima nilihama na kompyuta ufukweni, nikipima hatua kwa hatua, kila mara waya uleule, urefu uleule. Nyuma ya nyumba, chini. Gatini, chini. Kwenye jabali linaloingia ziwani, namba ikaanza kupanda. Nikaona ingepanda zaidi kama waya ungesogea mbele, juu ya maji penyewe, mahali pasipo na jabali. Nikamtazama Mwenyekiti. Nadhani macho yangu huomba vizuri kuliko mdomo, kwa sababu alikunja suruali bila kuulizwa, akashika upondo tuliofunga waya, akaingia majini mpaka kiunoni.

"Kushoto kidogo, Mzee. Hapana, kushoto kwako. Juu. Hapo! Hapo, usitikisike!"

"Nisipumue pia?"

"Pumua polepole."

Saa kumi ikafika. Nilimvalisha Mzee Telesphory vya masikioni vyangu, nikabaki na kimoja cha pembeni. Muziki wa kipindi ulikuja safi. Ndipo nilipopata woga mpya: kama leo Bibi ameamka vibaya? Kama leo atasema tena usije, na mimi ndiye niliyemsafishia njia?

Zubery alimkaribisha kwa mbwembwe. Fimbo ikagonga sakafu.

"Telesphory," alisema Bibi. "Leo sina matusi."

Mzee alishika redio yake ya kiunoni, ingawa ilikuwa imezimwa. Akaanza kurudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayefuata sala. "Leo sina matusi..."

"Mguu umepona. Kesho ni siku yangu ya mwisho kusema hapa. Ijumaa karani ataniuliza kama nina mume."

"...ataniuliza kama nina mume..."

"Nikisema sina, nitakuwa nimedanganya, na wewe unajua mimi nikidanganya midomo inacheza, nitaaibika mbele ya watu. Kwa hiyo njoo, nisidanganye."

"...njoo," alirudia Mzee Telesphory. "Amesema njoo." Akageukia ziwani. "Elikana! Amesema njoo!"

"Nimefurahi!" Mwenyekiti alijibu huku meno yakigongana. "Sasa naweza kushusha mti huu?"

Namba haikuwa imeshuka chini ya mstari hata mara moja. Niliangalia kioo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana sikutaka wanione machozi.

Alfajiri tulipanda boti, Mzee Telesphory amevaa suruali ya shemeji yake, akidai ndiyo nzuri zaidi. Upepo ulikuwa wa kinyume na injini ilikohoa njia nzima, kila ikikohoa yeye alitazama jua. Tulipotia nanga Kibirizi, jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Tukachukua bodaboda mbili. Nilisikia sauti ya Bibi ikitoka madukani kabla sijaona kituo: kila duka lilikuwa limewasha redio, na sisi tukapita katikati ya sauti yake, duka hadi duka, mpaka mlangoni.

Uani kulikuwa na watu wamejaa, wamekuja kumuaga Bibi. Mzee Hamdani alinitolea macho, akaona niliyefuatana naye, akaona redio kiunoni, akafungua mlango mwenyewe.

"...Telesphory," Bibi alikuwa akisema kwenye maikrofoni, "sasa nanyamaza, lakini usifikiri nimemaliza—"

Akamwona.

Kimya kikaingia hewani. Kwa mtangazaji hakuna ugonjwa mbaya kuliko huo. Zubery alitokwa na jasho. "Bibi," alinong'ona, "sema! Mji mzima unakusikiliza. Mwambie! Yuko hapa, mwambie sasa!"

Bibi alivua vya masikioni, akavikunja waya wake vizuri, akavilaza juu ya meza.

"Nilikuwa naongea na mtu wa mbali," alisema. "Huyu yuko karibu. Toka, mwanangu."

Zubery alitoka, amechanganyikiwa. Mimi nikaingia nyuma ya kioo, nikaitoa maikrofoni hewani, nikapandisha muziki. Bibi alivuta kiti kingine, akakipigapiga, Mzee Telesphory akakaa. Bibi akamsogelea sikioni, akaanza kusema, polepole, kwa Kirundi, na yeye akawa anaitikia, "Ego. Ego."

Huko nje watu walibana masikio kwenye redio zao. "Anasemaje? Mbona muziki? Ongezeni sauti!" Kijana mmoja alipanda juu ya pipa kuchungulia dirishani. Mzee Hamdani naye akaja nyuma ya kioo, akasimama karibu na bega langu.

"Ashura, wewe Kiha unakijua, na Kirundi ni ndugu yake. Wanasemaje?"

Nilikuwa nasikia kila neno.

"Wanasalimiana, Mzee," nilisema, nikanyoosha mkono, nikavuta pazia la kioo.